Nimekwenda mara 6 kwenye banda la Pasua linaloonyesha roketi

Usitafute kibao, hakipo. Ukishuka Pasua, hapa Moshi, uliza "kwa Fundi", na ukiona wanasita ongeza "wa roketi". Hata mtoto aliyetumwa chumvi atakupeleka. Ni banda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, kama mengine ya Moshi: bati juu, bati ubavuni, mabenchi ya mbao, sakafu ya udongo inayonyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Siku nyingi ni mpira tu, Simba na Yanga na ligi ya Uingereza. Lakini kukiwa na binadamu anayerushwa kwenda anga za juu, au anayerudi, Fundi anafuta ratiba ya mpira ubaoni na kuandika saa ya roketi. Nimekwenda mara 6 kati ya Machi na Septemba mwaka huu wa 2025. Wapo wazazi walioniuliza kama ni mahali pa kupeleka mtoto, na wapo waliosikia habari za banda la roketi wakadhani ni utani. Nimeona niandike niliyoyaona, mema na mabaya, kabla ile safari kubwa ya mwezini, Artemis II, haijafika.

Mimi kazi yangu ni matofali ya kuchoma. Nafyatua, naanika, napanga tanuri, nawasha. Shule nilifika kidato cha pili. Nataja hili kwa sababu kuna mtu ataogopa kuwa mambo haya ni ya wasomi. Pale bandani nimekaa na waendesha bajaji, mama wa genge, wanafunzi, wagumu wanaobeba mizigo mlimani, na hakuna aliyeachwa nyuma.

Kiingilio cha mpira ni shilingi 500. Cha roketi ni 1,000 kwa mtu mzima, na mwanafunzi analipa 200 mradi awe na daftari mkononi. Nilimuuliza Fundi kwa nini roketi ni ghali kuliko mpira. Akanieleza kwamba matangazo yenyewe NASA, shirika la anga la Marekani, linayatoa bure, anayelipwa ni bando. Mpira ni dakika 90 na mapumziko, ila roketi inayobeba watu matangazo yake huanza kama saa 4 kabla, na yeye huyafungua tangu mwanzo. Nilidhani anapoteza bando. Sasa najua kwamba zile saa za kusubiri ndizo ninazozilipia. Kuruka kwenyewe unaweza kukuona kwenye simu ya jirani.

Fundi alikuwa fundi redio miaka mingi, na mikono yake bado ni ya fundi redio: akikueleza kitu lazima akishike. Roketi ikiwa imesimama pale Florida, Marekani, mvuke mweupe ukiivukia ubavuni, anasimama mbele ya shuka jeupe linalopigwa picha na projekta, anaonyesha kwa fimbo. Hapa ni oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, ndiyo inayotoa huu mvuke. Hapa juu ndipo walipo watu. Hapa chini injini 9. Hii nguzo ya chini itarudi na kutua yenyewe, hii ya juu itaendelea. Kiingereza cha mtangazaji anakigeuza Kiswahili papo hapo, na maili anazigeuza kilomita kwa kalamu kwenye kiganja. Kasoro yake ni kwamba wakati mwingine anamfunika mtangazaji katikati ya sentensi, na wale wanaojua Kiingereza hukasirika. Mimi naona afadhali hivyo kuliko kukaa kimya na kutazama moshi usioujua maana yake.

Nieleze na kosa, maana lipo na liliniuma. Mara yangu ya kwanza ilikuwa usiku wa kuamkia Machi 15, wakati wanaanga wa Crew-10 walipokuwa wanakwenda kupokea zamu kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ubaoni aliandika saa 9 na dakika 3 usiku. Nilimwamsha jirani yangu, tukachukua bodaboda, tukafika saa 8 na nusu tukijua tumewahi. Roketi ilikuwa imeondoka saa 8 na dakika 3. Tulikuta shuka linaonyesha chumba cha watu wenye spika masikioni, wametulia, kazi imekwisha. Watu kama 20 tulisimama mlangoni usiku ule wa manane, na hakuna aliyekuwa na neno.

Kilichotokea ni saa za Marekani. Wenzetu wale husogeza saa zao mbele mwezi wa Machi na kuzirudisha nyuma mwanzoni mwa Novemba. Wakati wa baridi Florida iko nyuma yetu kwa saa 8, wakati wa kiangazi ni saa 7. Walikuwa wamesogeza Machi 9, na Fundi hakujua. Alimrudishia kila mtu hela yake kwa mwanga wa tochi, noti kwa noti, na wale wawili waliokuja na bodaboda kutoka Rau akawaongezea nauli. Kesho yake aliandika kwa rangi ya mafuta juu ya ubao, mahali ambapo chaki haifiki: FLORIDA KIANGAZI 7, BARIDI 8. Mwaka huu wa 2025 wanazirudisha nyuma Novemba 2, kwa hiyo mwenye kupiga hesabu zake mwenyewe nyumbani ajihadhari na tarehe hiyo. Tangu hapo sijaona saa yake ikikosea.

Siku 4 baadaye nilirudi, na usiku huo ndio ulionifanya mteja. Suni Williams na Butch Wilmore walikuwa wanarudi. Waliondoka Juni 5, 2024 wakiambiwa ni safari ya siku 8 hivi, chombo chao cha Starliner kikapata hitilafu kwenye vipulizi vya kukiongozea na gesi ya heliamu ikawa inavuja, kikarudishwa kitupu, wao wakabaki juu. Siku 8 zikawa 286. Mama mmoja anayeuza mihogo mlangoni aliacha karai lake, akaingia kusimama nyuma, akasema, "Huyu dada mama yake mzazi amelala vipi miezi yote hiyo?" Saa 7 kasoro dakika 3 usiku miavuli 4 ikakishusha kile chombo taratibu, kikagusa bahari. Halafu, wakati boti zinakisogelea, wakatokea pomboo. Pomboo wa kweli, wanazunguka chombo, migongo inang'aa. Banda zima lilisimama. Yule mama wa mihogo alikuwa anafuta machozi na kanga, na mimi sikuwa mbali naye.

Ile ya Juni 25 niipitie haraka: ilirushwa asubuhi, saa 3 na nusu, bati likawa limeshika moto na picha hafifu kwa sababu mwanga unapenya kwenye matundu ya misumari. Kama unaweza, epuka roketi za mchana. Lakini nisiache kumtaja mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuja amevaa suti kamili. Shubhanshu Shukla, aliyekuwa kwenye roketi ile, alikuwa Mhindi wa kwanza kwenda anga za juu tangu Rakesh Sharma mwaka 1984, na mzee alisema mwaka ule alifuatilia kwa redio, akiwa kijana, hapahapa Moshi. Pamoja na Shukla walikuwamo Mpoland na Mhungaria, wakiongozwa na Peggy Whitson. Fundi alimpa mzee kiti chake mwenyewe chenye mgongo. Roketi ilipoondoka yule mzee alisimama wima, mikono ubavuni, mpaka ilipokuwa nukta.

Sasa Julai 31 na Agosti 1. Ukitaka kulipima banda hili, lipime kwa siku hizi mbili.

Ilikuwa zamu ya Crew-11. Kiongozi wa chombo alikuwa Zena Cardman, mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kwenda anga za juu hata mara moja. Fundi alitusimulia tukiwa tunasubiri kwamba dada huyu alikuwa aende mwaka 2024, tena kama kiongozi, lakini viti viwili vikahitajika kuwarudisha Williams na Wilmore, na yeye pamoja na Stephanie Wilson wakaondolewa kwenye safari. Aliachia kiti chake, akarudi mazoezini, akasubiri mwaka mzima. Pembeni yake Mike Fincke, mkongwe, naye alikuwa amepangwa kwenye Starliner ikamwishia mikononi. Halafu Kimiya Yui wa Japani na Oleg Platonov wa Urusi. Kwa hiyo hata kabla ya lolote, banda zima tulikuwa tumeshakuwa upande wa Cardman.

Alhamisi ile roketi ilikuwa iondoke saa 1 na dakika 9 usiku. Nilikuwa na binti yangu, yuko darasa la sita, daftari mapajani. Saa ya kurudi nyuma ikashuka: dakika 10, dakika 5, dakika 2. Vijana wa benchi la nyuma wameshaanza kupiga makofi. Ikafika dakika 1 na sekunde 7, ikasimama. Mtangazaji akasema kitu kifupi. Fundi akashusha fimbo. "Wingu," akasema. "Limesogea juu ya kiwanja. Wameahirisha."

Kelele zilizotoka hapo ni za goli lililokataliwa. Kijana mmoja alidai hela yake kwa matusi. Fundi hakupandisha sauti. Alisubiri watulie, akatueleza kwamba roketi ikipita kwenye mawingu ya namna ile inaweza kujivutia radi yenyewe, hata kama hakuna mvua. Moshi wake na urefu wake unakuwa kama waya wa kuteremshia umeme. Akasema mwaka 1969 Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza, na tangu hapo hawachezi na mawingu. Kisha akasema, "Aliyelipa leo kesho anaingia bure. Aliyeahirishiwa ni yule dada kule juu, sisi tunalala nyumbani kwetu." Akachukua muhuri wa wino anaotumia kwenye risiti zake za kutengeneza redio, akatugonga mmoja mmoja mgongoni mwa mkono. Binti yangu hakunawa mkono ule mpaka kesho yake jioni.

Ijumaa ratiba ilikuwa saa 12 na dakika 43 jioni. Watu walikuwa wengi kuliko Alhamisi, wengine kwa sababu Jumamosi Taifa Stars walikuwa wanafungua CHAN na Burkina Faso na walitaka kushika nafasi mapema. Dakika kama 6 kabla ya kuruka, adhana ya magharibi ikaanza. Msikiti hauko mbali. Fundi alizima spika kabisa. Tukabaki tunatazama roketi kimya, saa inashuka bila sauti, na nje mwadhini anaadhini. Waislamu kadhaa walitoka taratibu kwenda kuswali, waliobaki walibaki wameinamisha vichwa. Adhana ilipokwisha zilikuwa zimesalia kama dakika 2. Akafungua spika kidogo, siyo sana. Wingu lilikuwepo pia siku hiyo, tuliliona. Saa ikapita dakika 1 na sekunde 7, pale ilipokwama jana, na banda likatoa pumzi kwa pamoja.

Kutoka 10 tulihesabu kwa Kiswahili. Kumi, tisa, nane. Watoto wanapiga kelele, wazee wanahesabu kwa midomo. Moja ilipofika mwanga ulilijaza shuka lote mpaka nyuso zetu zikawa nyeupe, nikamwona binti yangu kama mchana. Roketi ikapanda. Baada ya dakika kama 8 ile nguzo ya chini ikarudi Florida, ikasimama wima juu ya miguu yake, na wenzao juu wakawa wanaelekea kituoni, ambako walifika baada ya saa 15 hivi, wakati sisi tunakunywa chai Jumamosi asubuhi. Jioni yake Taifa Stars wakashinda mbili bila. Sijawahi kupata siku mbili kama zile kwa shilingi 1,200.

Ziara ya sita haikuwa ya roketi. Jumapili ya Septemba 7 mwezi ulipatwa wote, na Afrika Mashariki tulikuwa mahali pazuri pa kuuona mwanzo hadi mwisho. Fundi hakutoza kitu. Alitoa mabenchi nje, akazima taa za banda, akawaomba majirani wazime za kwao. Saa 1 na dakika 27 kivuli kikaanza kuumega mwezi, saa 2 na nusu ukawa mwekundu wote, ukakaa hivyo dakika 82. Kuna wakati wingu kutoka upande wa mlima lilifunika, watoto wakaanza kunung'unika, likapita. Msikitini waliswali swala ya kupatwa kwa mwezi, na walipotoka walikuja kuketi nasi na kanzu zao. Fundi alichukua chungwa na tochi. Akasema wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa kandokando ya dunia. Rangi ya bluu inatawanyika njiani, nyekundu inafika. Kwa hiyo mnachokiona pale, akasema, ni machweo na mapambazuko ya dunia nzima yameangukia mwezini kwa pamoja. Si mbali na mwezi ilikuwapo nyota moja tulivu isiyopepesa. Hiyo ni Zohali, sayari yenye pete. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni yangu, mkono wake umeshika wangu, alisema amekula miaka 70 na hajawahi kuambiwa kwa nini mwezi unakuwa hivyo.

Mambo ya kurekebisha yapo. Choo hakuna; unakwenda cha kulipia kwa jirani, na usiku njia ina giza. Spika ya kushoto inakwaruza sauti ikipanda. Umeme ukikatika jenereta inachukua kama dakika 3 kuwaka, na dakika 3 kwenye roketi ni nyingi. Ningependa awe na betri ya kushikilia projekta. Picha hukwama pia mtandao ukielemewa, ingawa siku hizi anatumia laini mbili. Wanawake walikuwa wanabanwa nyuma mpaka mama wawili walipomweleza waziwazi, sasa benchi mbili za mbele kushoto ni zao na watoto, na amelisimamia. Pombe hairuhusiwi, siyo bia wala mbege, na hili namsifu. Kahawa na kashata zinapita, mihogo iko mlangoni.

Nieleze kinachokuja, maana ndicho kinachonifanya niandike sasa, mwanzoni mwa Oktoba 2025. Novemba 2 itatimia miaka 25 tangu watu waanze kuishi kwenye Kituo cha Kimataifa bila kukatisha hata siku moja. Mtoto aliyezaliwa siku ile hajawahi kuishi siku ambayo binadamu wote wako duniani. Wachina nao wana kituo chao, Tiangong, watu 3 kwa zamu ya miezi 6 hivi, na waliopo ninapoandika walipanda Aprili, kwa hiyo zamu mpya iko karibu. Fundi anataka kuionyesha. Kwa saa za China hatakosea, wao wako mbele yetu kwa saa 5 mwaka mzima.

Lakini kubwa ni Artemis II. Hadi naandika haya NASA wamesema haitaruka kabla ya Februari 5, 2026, na wameahidi isipite Aprili. Watu 4: Reid Wiseman, Victor Glover, Christina Koch, na Jeremy Hansen wa Kanada. Roketi yake, SLS, ina urefu wa mita 98. Chombo wamekipa jina la Integrity. Hawatatua mwezini, na hili Fundi amelirudia mpaka limeeleweka: watazunguka dunia kwanza, kama siku moja, wakipima mitambo ya kuwapa hewa, kisha watakwenda, watapita nyuma ya mwezi, na mvutano wenyewe utawarudisha nyumbani. Siku 10 hivi. Tangu Apollo 17, Desemba 1972, hadi naandika haya, hakuna mtu aliyekwenda mbali namna hiyo. Glover atakuwa mtu mweusi wa kwanza kwenda huko, Koch mwanamke wa kwanza, Hansen wa kwanza asiye Mmarekani. Nafasi yao ndani ni mita za ujazo 9 tu hivi. Fundi anasema ni kama gari mbili za Noah zikiunganishwa. Watu 4, siku 10, chakula na choo humohumo.

Na hapa nina la kusema mimi mwenyewe. Mwaka 2022 walipeleka chombo cha aina hiyohiyo bila watu. Kiliporudi Desemba, ile ngao ya chini inayozuia moto ilikuwa imemeguka vipande. Walichunguza miaka miwili ndipo wakatangaza sababu, Desemba 2024. Fundi alitusomea: chombo kiliingia kwenye hewa ya dunia, kikapanda kidogo kutoka nje, kikaingia tena. Katika kile kipindi cha kati joto lilikuwa limeshaingia ndani ya ngao, gesi inazalishwa, ila juu hakuna njia ya kutokea, msukumo ukazidi, ikapasuka. Bandani watu walikaa kimya, hawajaelewa. Mimi nilielewa kabla hajamaliza. Ni tofali bichi. Ukilipanga tanurini halijakauka ndani, ukachochea moto haraka, uso unaziba, maji ya ndani yanageuka mvuke yanakosa pa kupitia, na usiku unasikia linalia pah! Asubuhi unakuta limebanduka ganda. Udongo hauna kosa, kosa ni mwendo wa moto. Nikanyoosha mkono, Fundi akanipa fimbo, nikasimama mbele ya shuka na kuwaeleza tofali. Kisha yeye akamalizia: nao wameamua hivyohivyo, ngao inabaki ileile, wamebadilisha njia ya kurudi ili joto lisikae katika kile kipindi cha kati. Nimechoma matofali miaka 19. Sikuwahi kudhani kazi yangu inafanana na chochote kinachokwenda mwezini, na binti yangu alikuwa amekaa mbele ananiangalia.

Baada ya hapo Fundi ana tarehe nyingine pembeni mwa ubao. Alfajiri ya Agosti 28, 2026 mwezi utazama kwetu ukiwa unamegwa na kivuli, tazama magharibi. Desemba 31, 2028, mwanzo wa usiku wa mkesha wa mwaka mpya, utapatwa wote tena. Halafu usiku wa Ijumaa, Aprili 13, 2029, mwamba uitwao Apophis, upana wake mita 340 hivi, utapita kilomita kama 32,000 kutoka duniani, karibu zaidi kuliko setilaiti ambazo dishi la banda linazielekea. Hautatugonga, wamehakikisha. Na Afrika tutauona kwa macho matupu, kama nyota inayotembea. Shida ni kwamba Aprili Moshi ni masika. Fundi ameshasema akiona mawingu atakodi gari kwenda upande wa Same, kule kunakokauka, na watu wameanza kujiandikisha kwa jambo la miaka zaidi ya 3 mbele.

Kama ungependa kusikia alama, nampa nyota 4 kati ya 5, ya tano nitampa siku atakayojenga choo. Ukienda, fika saa 2 kabla, siyo dakika 10 kabla. Beba kitenge cha mtoto kwa roketi za usiku. Mpe mtoto daftari na umwambie aje na swali, kwa sababu Fundi ana utaratibu kwamba kila mtoto anaandika swali lake ubaoni na yanajibiwa yote roketi haijaondoka.

Binti yangu aliandika la kwake la Artemis wiki iliyopita, kona ya chini kulia: "Wakiwa nyuma ya mwezi na mawasiliano yamekatika, nani atajua wako salama?" Fundi alilisoma, akakaa nalo, akasema hilo atalijibu siku yenyewe. Amelizungushia duara la rangi ya mafuta ili mtu asilifute akiandika ratiba ya mpira.